Ahadi ya Betri

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa na karakana ya redio Likoni katika ile miaka ya kuelekea uhuru. Mitambo ilikuja kwa meli. Sisi tuliunda makasha ya mvule, tukafunga spika, tukaunga waya, tukauza. Nyumba nyingi upande wetu hazikuwa na umeme, kwa hiyo kila redio ilikula betri moja kubwa, nzito kama tofali, iliyoagizwa ng'ambo kupitia kwa wakala mmoja wa mjini. Bila betri ile, redio ilikuwa kasha la kutagia kuku.

Ami hakumwandikia mtu dhamana. Alimwambia mnunuzi, "Maadamu mimi ni hai na redio yako ni nzima, betri utaipata hapa." Basi. Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara tangu mababu, na neno likishamtoka kinywani halikuwa lake tena, lilikuwa la mnunuzi.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nikamshikia stoo na kuagiza vifaa. Siku moja pale kivukoni nikaona baharia ameshika redio ndogo ya transista. Ilikuwa ikiimba kwa mawe ya tochi, yaani betri ndogo hizi hizi za dukani. Nikafahamu kwamba redio hizi zikienea, viwanda vya ng'ambo havitakuwa na haja ya kutengeneza betri zetu. Meli zitakuja, lakini betri hazitakuwamo. Katika hilo sikukosea, na sitakubali mtu aniambie nilikosea.

"Ami, tununue sasa, tujaze stoo," nikamwambia.

"Zitakaa?"

"Betri si samaki, ami."

Akacheka, akaniamini. Tukaweka karibu mtaji wote katika betri, tukazipanga mpaka juu. Stoo yetu ilikuwa ya mabati, haina dari, na jua la kaskazi liliipiga tangu asubuhi. Kwenye makatoni kulikuwa na maneno kwamba ziwekwe pahali penye baridi. Niliyasoma. Nikadhani ni kiwanda kinajitoa lawamani.

Kumbe betri huanza kufa siku ile ile inapotoka kiwandani, na joto huiharakisha. Wakala alipotuletea habari kwamba betri kubwa zimekatika, nilikwenda stoo nikitabasamu. Za chini zilikuwa zimevimba na kutoa maji. Za juu zilionekana salama, tukaziuza. Hazikumaliza wiki.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mdigo mmoja wa Bofu, muuza mbaazi na mahamri. Redio yake ilikaa barazani, na watu walikuja kula ili wasikilize habari. Alitua betri mezani kwangu kwa kishindo.

"Karani, umeniuzia betri au maiti?"

"Sabalkheri, mzee."

"Kheri iko wapi? Wateja wangu sasa wala mbaazi wakitazamana. Jana wawili wamepigana. Redio ndiyo iliyokuwa ikiwanyamazisha!"

Ami alitoka ndani. "Utapata nyingine," akasema.

"Lini?"

"Nimesema utapata."

Yule mzee alipoondoka, ami alinigeukia. Hakupaza sauti. "Haya, msomi. Samaki wameoza. Na neno langu liko huko Bofu, latembea bila nguo."

Wiki ile wakala akavuka kuja kwetu, na mkoba wa transista mkononi. Alitaka kutufanya wauzaji wake Likoni nzima, kwa sharti moja: tuwaambie watu redio zetu zimekwisha muda, wazitupe, wala tusizihudumie tena.

"Wakati umepita, mzee," akamwambia ami. "Usishindane nao."

Ami akaomba siku za kufikiri.

Nilichukua betri moja iliyokufa nikaipasua kwa patasi, kwa hasira tu. Ndani mlikuwa na betri ndogo ndogo zimeungwa moja baada ya nyingine, hazina siri yoyote. Kazi ile ingefanywa na mawe ya tochi. Lakini yalihitajika makumi kwa redio moja, na mapya yangemshinda mteja bei. Nikapima kwa mita mawe yaliyotupwa jalalani. Jiwe lililoshindwa kuwasha tochi bado lilikuwa na pumzi, kwa sababu tochi hunywa kwa pupa na redio yetu ilinywa kwa kijiko.

Basi nikachukua kikapu. Nikazunguka kwa walinzi wa maghala Changamwe na Kipevu nikiomba mawe yaliyochoka. Watu waliosoma nami waliniona.

"Yakhe, masomo yote yale, sasa waokota taka?"

"Naokota. Una lako?"

Tuliyapima moja moja, tukayalehemu waya, tukayapanga katika masanduku ya mvule yaliyobaki karakanani. La kwanza tulilipeleka Bofu. Mzee wa mbaazi alilizunguka kama anayenunua mbuzi. Redio ilipoanza kusema, aliwakemea wateja wake wanyamaze, nao walikuwa kimya tayari.

Wakala alirudi, habari zimeshamfikia. "Mnafunga takataka ndani ya sanduku," akasema. "Chagueni. Mkikataa, kazi hii nampa mwenye duka la kivukoni."

Ami akanitazama. "Wewe ndiye uliyenifikisha hapa. Mjibu."

"Mpe," nikasema. "Na umwambie wateja wake wasitupe mawe yakichoka. Tutayafuata."

"Mtakufa njaa."

"Inshallah hatutakufa waongo," akasema ami, akamfungulia mlango.

Njaa haikutuua, ila ilitujua. Duka la kivukoni lilijaa watu, nasi mafundi wetu wakatuacha mmoja mmoja. Ningalinunua betri chache nikaziweka pahali pa baridi, mtaji wa ami ungalisalimika. Hilo nalibeba mimi, na ami alikufa miaka mingi baadaye bila kunitajia tena. Lakini jibu nililompa wakala, angekuja leo ningempa lile lile.

Bendera mpya ilipopanda, hapakuwa na redio yetu iliyonyamaza kwa kukosa betri. Muda mfupi baadaye mzee wa mbaazi akaja karakanani, transista kwapani, ameona haya kidogo.

"Mwanangu amenunua hii," akamwambia ami. "Ile ya zamani nimempa mjukuu achezee. Basi betri sitaki tena. Nimekuja kukufungua na neno lako."

Ami akampa mkono. "Nami nimefunguka. Ahsante."

"Na hii ikiharibika, nitakuletea wewe."

"Hiyo sikukuahidi kitu," akasema ami. "Haya, keti unywe kahawa."