Zamu ya Moyo wa Pili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipa mioyo zamu. Wa kushoto ukifanya kazi, wa kulia unalala; ukichoka, unauamsha wa pili. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipowabuni Walaba, watu wa sayari ya mbali wenye mioyo miwili. Laba ni mbili kwa Kisomali, kwa hiyo jina lilikuja lenyewe. Mpaka leo naandika hadithi zao kwenye simu, hapa Garissa, na mstari mmoja naweza kuufuta mara ishirini. Wiki iliyopita msomaji aliniuliza, "Bro, hiyo moyo ya pili ni ya nini?" Sijamjibu. Wacha nikueleze wewe, maana wewe hutanikatiza.

Shule zikifungwa, mimi na dada yangu mdogo tulipelekwa kwa ayeeyo, nyanya yetu, malishoni upande wa Liboi. Tuliamshwa na kengele za mbao shingoni mwa ngamia. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi, kwa sababu ayeeyo alisugua ndani ya chombo kwa kijinga cha moto kabla ya kukamua. Kazi yetu sisi ilikuwa kumshika ndama asimalize yote.

Mwaka ule ndama mmoja alikufa. Ayeeyo akafanya wanavyofanya wafugaji wetu: akamzoesha ndama aliyebaki kunyonya kwa mama wawili, wake na yule aliyefiwa. Ngamia mmoja alimlisha ndama, mwingine akatulisha sisi, na siku ya pili wakabadilishana. "Huyu akichoka, yule yupo," alisema ayeeyo, akipuliza povu.

Nikaona hapo ndipo ilipo siri ya Walaba. Abti, mjomba wetu, alipochinja mbuzi, nilimwomba moyo, nikauchunguza kwa kidole, chumba baada ya chumba. "Daktari wa mbuzi," alinicheka, "ukimaliza kumtibu, mrudishe kwenye sufuria." Nilichora kila kitu daftarini. Moyo wa mchana ulikuwa mkubwa, wa kuhimili jua. Wa usiku ulikuwa mdogo na mwepesi. Kati ya zamu na zamu niliweka kimya kifupi, kifua kizima kikinyamaza. Kimya kile nilikipenda kuliko vyote. Nilirarua kurasa nyingi mpaka kikatoka sawasawa.

Dada alikuwa na miaka minane, na tangu azaliwe alikuwa mtoto wa kuchoka haraka. Akibeba maji, midomo yake ilikuwa ya kijivu. Siku moja alikaa chini njiani, akaweka mkono kifuani na kusema, "Aboowe, kinaruka, halafu kinanyamaza." Aliniita hivyo, kaka. Mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamwambia yeye ni Mlaba. "Ukisikia kimya, usiogope. Ni zamu inabadilishwa."

Tangu hapo ikawa siri yetu. Akisimama kupumua alinitazama na kutabasamu: "Aboowe, wa pili umeamka." Mimi nilikuwa naandika. Nilihesabu mara anazopumzika kutoka kisimani, nikaziingiza daftarini kama ushahidi.

Ayeeyo naye aliiona ile midomo. Lori lilipokuja kuchukua mbuzi wa kupeleka sokoni Garissa, alimwomba abti aende na mtoto, amfikishe hospitali. Abti alichuchumaa mbele ya dada. "Kifua kinakuuma, abbaay, mwanangu?"

"Hakiniumi."

"Unachoka?"

"Sichoki. Mimi nina mioyo miwili."

Abti alicheka, akanigeukia. "Na wewe daktari, unasemaje?"

Nilijua dada alikuwa amekaa chini mara nne asubuhi ile. Nilikuwa nimeziandika. Lakini madaktari wa Garissa wangempima na kukuta moyo mmoja, mgonjwa, na mchoro wangu wote ungekuwa uongo. Nikasema, "Yuko sawa." Lori likaondoka.

Siku ya tatu dada alikwenda kumfungua ndama, akaketi kando yake. Nilipomfikia, mkono wake ulikuwa kifuani. Niliweka sikio langu pale nikasubiri zamu ibadilike. Nilisubiri muda mrefu mno kabla ya kumwita ayeeyo.

Tulimzika kabla ya alasiri. Ayeeyo alisema ni qadar, majaliwa ya Mwenyezi Mungu, wala hakuniuliza lolote. Sikumwambia mpaka akafa, na hilo ni kosa jingine. Abti nilimwambia mwaka jana. Akasema, "Ulikuwa mtoto." Haikunisaidia.

Ngamia wale waliisha kwa ukame, wote wawili na ndama wao mkubwa. Nyumba ya mikeka haipo, na kisima kimefukiwa na mchanga. Walaba bado wapo, nami bado nawarekebisha. Sasa mioyo yao yote miwili hufanya kazi pamoja, mmoja ukisukuma damu kichwani na mwingine miguuni, na ukisimama mmoja, mtu huyo hufa. Wasomaji wanasema nimewaharibu, zamani walikuwa wazuri zaidi.

Siku hizi mtu wa nyumbani akiniambia amechoka, namwamini, na tunaenda hospitali siku hiyo hiyo.