Namba Niliyoigonga Kwenye Gurudumu la Mwalimu Salehe

Niliondoka Temeke kwa sababu ya barua fupi ya Bi Mwanaidi wa Goba, mjane wa Mwalimu Salehe. "Fundi Idrisa," aliandika, "gurudumu la ile pikipiki linazunguka lenyewe kila mchana. Njoo uitazame kazi yako."

Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua. Mwaka uliotangulia, mitumba ya kila namna ilipokuwa ikimiminika mjini, Mwalimu aliniletea mota ya umeme isiyo na kibao cha kuonyesha nguvu yake, akaomba niisuke ikae ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma la pikipiki yake. Ingetumia betri badala ya petroli. Nilipomaliza aliniuliza ina nguvu kiasi gani. Nilijua ni wati mia tano. Lakini mwenyewe alikuwa akiizunguka huku akitabasamu, nami sikutaka kumvunja moyo. Nikagonga elfu moja kwenye kibao kipya cha bati, nikakibandika kwenye kitovu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilifunga mfuko wa vifaa nyuma ya baiskeli nikatoka. Mpaka Ubungo mambo yalikuwa ya kawaida: malori, redio, moshi wa mkaa.

Nilipofika Makongo, lami ilikuwa imekwisha na ukungu umelala juu ya mihogo. Nilishuka nikawa nasukuma. Mtu mmoja alikuwa akivunja kokoto kando ya njia, nikamuuliza njia ya kwa Mwalimu Salehe.

"Yule wa pikipiki isiyo na sauti?" akasema. "Basi kaa pembeni, kaka. Huisikii ikija. Unasikia upepo mguuni, kumbe imeshapita."

"Mwalimu amezikwa, huu ni mwezi wa pili sasa."

"Najua. Mie nilikuwa mazikoni." Akaendelea kugonga jiwe lake.

Mbele kidogo niliona alama ya tairi kwenye tope bichi. Nilipanda nayo sambamba. Katikati ya mwinuko, karibu na korongo, ikakoma kama kitu kilichonyanyuliwa.

Goba nilifika saa tano. Bi Mwanaidi alinipokea mlangoni, mama wa makamo, macho makavu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Iko stoo. Chai utakunywa baadaye."

Pikipiki ilikuwa imening'inizwa kwa kamba kwenye boriti, magurudumu hayagusi chini. Niliuliza betri ziko wapi.

"Nilizitoa siku ya tatu ya msiba. Ziko shuleni kwake."

Nilifungua kitovu. Nyaya za shaba zilikuwa nyeusi, zimeyeyuka na kukatika. Nilizipima moja moja na mita. Hakuna hata moja iliyopitisha umeme. Mota ile isingezunguka hata ungeipa betri mpya. Nikafunga kifuniko, nikalirudisha gurudumu mahali pake.

Ilikaribia saa saba. Bi Mwanaidi alifunga mlango, akakaa juu ya debe.

"Siku ile nilipanda nyuma yake," alisema. "Nilipakata kiroba cha unga. Nilimwambia tuko wazito, akasema nguvu ipo, imeandikwa. Katikati ya mwinuko ikaanza kunuka, ikasimama, ikarudi nyuma. Mie niliruka. Yeye akaenda nayo korongoni. Sasa niambie, fundi. Uzito wangu ndio uliomuua?"

Gurudumu likaanza kuzunguka. Polepole, bila mlio, na mle ndani hapakuwa na upepo. Nilisogeza kiganja karibu na kitovu. Kitovu kilikuwa cha moto kama pasi. Bi Mwanaidi hakulitazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

Ningeweza kukubali kwamba ni uzito wake na wa unga. Nani angejua?

"Si wewe," nikasema. "Namba ya mota ni kazi inayoweza kuifanya kutwa nzima bila kuungua. Hii ilikuwa ya wati mia tano. Kwa muda mfupi mlimani inaweza kutoa hata elfu, lakini hapo inajichoma. Mie nilimwandikia elfu kana kwamba ni ya siku zote. Nilijua, na nikaandika."

Kukiri kwangu hakukulisimamisha gurudumu. Lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Toka nje," akasema.

Nilikaa uani nikimsikia analia. Alipotoka alikuwa amekishika kile kibao; alikuwa amekibandua mwenyewe.

"Kukusamehe leo siwezi," alisema. "Miezi miwili sijala unga. Namba hii isahihishe."

Nilikipindua, nikagonga mia tano upande wa pili. Alipapasa zile tarakimu kwa kidole gumba.

"Kuna wengine uliowaandikia hivi?"

"Wapo."

"Basi unakaa hapa unangoja nini?"

Jioni nilirudi Temeke nikiwa nimechoka, na njia nzima sikugeuka nyuma. Nilichojifunza Goba ni hiki: anayeiamini namba yangu ndiye anayekaa juu ya mota, mimi nikiwa mbali.

Kesho yake sikufungua karakana. Nilianzia Kawe, kwenye mashine ya kusaga ambayo mota yake nayo niliiandikia namba kubwa, ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni na ndoo za mahindi. Nilimwomba mwenye mashine aizime kwanza, ndipo nimweleze.