Siku Mzee Kikoti Alipomsalimu Shangazi kwa Adabu

Nitaanza na neno mbwa, maana ndilo lililoharibu kila kitu.

Shangazi yangu Winifrida Komba anauza zipu, vifungo, nyuzi na lastiki Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Meza yake iko barazani mwa duka la vitambaa la Yogesh. Hapo hapo, mkono wa kushoto, anakaa fundi saa, Mzee Kikoti, na kisanduku chake cha kioo. Kwa miaka kumi na saba shangazi alikuwa akifika asubuhi, hata kabla hajashusha mzigo kichwani, anamuuliza: "Bado hujafa, we mla mbwa?" Na Mzee Kikoti, jicho lake moja likiwa kwenye lenzi, anajibu kwamba anawasubiri Wangoni waliokimbia vita warudi kuchukua viatu vyao, babu yake amechoka kuvitunza.

Wateja wageni walikuwa wanashtuka. Mmoja aliwahi kutaka kuita askari.

Shangazi ni Mngoni wa Songea. Mzee Kikoti ni Mhehe wa Iringa, na Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Nalieleza hili mapema kwa sababu nimegundua kuna watu wazima, wana kazi na simu za bei mbaya, ambao hawajui utani ni nini. Mtani anakutukana, ndiyo, tena matusi makubwa. Lakini anakutukania usoni. Anakuangalia. Akiona leo macho yako yamevimba, anafunga mdomo na kukuuliza nani kafa. Na akishaambiwa nani kafa, yeye ndiye anayefika wa kwanza, anabeba maji, anapika, halafu anaanza tena kuwatukana wafiwa mpaka wanacheka huku wanalia.

Shangazi alikuja Dar mwaka tisini, wakati wa ruksa, kila mtu alipoambiwa anaweza kufanya biashara, akaamini. Wiki ya pili askari wa jiji walimwaga vifungo vyake vyote barabarani. Alikuwa amepiga magoti anaviokota kwenye matope, na mtu asiyemjua akasimama juu yake, akamuuliza kabila lake. Akasema Mngoni. Yule mtu akasema, "Nilijua. Watu wa kukimbia tu nyie, hata mali mnaiacha." Kisha akapiga magoti naye, wakaokota pamoja. Alikuwa Mzee Kikoti. Ndiye aliyemwombea kwa Yogesh nusu ya baraza. Shangazi alipougua malaria iliyopanda kichwani, ndiye aliyemfikisha hospitali, akawaambia wauguzi amewaletea ngozi ya Mngoni wampe bei. Shangazi anasema alikuwa hajitambui, lakini hilo alilisikia, na akaapa kupona ili amjibu.

Basi. Mwaka juzi likaja *Jumba la Vioo*.

Mnalikumbuka. Vijana kumi na wawili wamefungiwa kwenye nyumba moja, kamera kila pembe, nchi nzima inawaangalia wakipika na kulala na kugombania sabuni. Kila Jumapili tunapiga kura kwa simu, mmoja anatolewa. Na mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa Ritha, binti wa mwisho wa Mzee Kikoti, aliyekulia pale barazani. Shangazi ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo. Ritha alipotokea kwenye skrini mara ya kwanza, Yogesh alitoa televisheni ya dukani akaiweka mlangoni, mtaa mzima ukasimama. Mzee Kikoti alivua lenzi akaifuta kwa shati, akaifuta tena.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, nakaa kwa shangazi Magomeni. Nikitoka shule napitia dukani. Zarna, binti wa Yogesh, alikuwa anasimamia kompyuta ya duka, na jioni wateja wakipungua aliniruhusu niingie kwenye mtandao. Huko kulikuwa na kijiwe cha kujadili lile jumba. Nilikipenda sana, sitadanganya. Watu wa Mwanza, wa Arusha, mpaka waliopo Ulaya, wote wanabishana juu ya maharage aliyopika mtu! Nilikuwa napasoma kama wengine wanavyosoma hadithi.

Nikamsimulia shangazi. Akaniuliza, yaani mtu anaandika, na wengine wote wanasoma? Nikamwambia ndiyo. Akasema kumbe ni kama kadi za salamu za redioni. Shangazi ni mtu wa kadi za salamu toka zamani. Amewahi kumtumia Mzee Kikoti salamu kupitia redio, mtangazaji akasoma "kwa Mhehe wa Narung'ombe, mwambieni nimeona mkia" na baraza zima likaanguka kwa kicheko. Sasa akataka kumtumia Ritha. Mtoto yupo peke yake mle ndani, akasema, hana hata mtani mmoja wa kumchangamsha. Aliamini waliofungiwa wanasomewa. Mimi nilijua hawasomewi. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuandika. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Akaniamuru niandike hivi, nami nikaandika neno kwa neno: "Ritha we mbwa, usile mbwa wenzako humo ndani kabla ya Jumapili. Ukirudi bila zawadi tunakuchuna ngozi. Mngoni wa Kariakoo."

Tulicheka mpaka Zarna akatuuliza tunacheka nini. Tukamweleza, naye akacheka.

Jumamosi hiyo Ritha aliunguza wali. Ni hilo tu alilofanya. Aliacha sufuria jikoni akaenda kusuka nywele, wali ukaungua, wenzake wakalala na njaa. Jumatatu nilipofungua kile kijiwe, chini ya maneno yetu kulikuwa na majibu mia mbili na kumi na nne.

Mtu anayejiita Mkali wa Sinza ndiye aliyefuata baada yetu. Alisema kweli kabisa huyu ni mbwa, tena mbwa koko. Wa tatu akasema mbwa ana afadhali. Baada ya hapo sikuelewa tena. Wakamwita malaya kwa sababu ya wali. Wakamwita kahaba, nguruwe, shetani, takataka, mchawi. Mmoja aliandika kwamba mama aliyemzaa angemtupa chooni. Na chini yake mwingine kaweka alama za kucheka.

Mimi napenda kujua mambo, kwa hiyo nilichukua daftari la Uraia nikahesabu. Malaya mara hamsini na mbili. Mbwa mara arobaini na moja. Shetani kumi na tisa. Nikaenda kwenye kurasa za washiriki wengine nikakuta ni hivyo hivyo. Kijana mmoja alipiga chafya karibu na chakula: shetani. Dada mmoja alivaa kofia mbaya: malaya. Nikajiuliza, watu hawa siku wakimkuta aliyeua mtoto watamwita nani? Wameshamaliza maneno yote kwenye kofia na wali.

Nikaandika pale. Niliwaambia kwa heshima kwamba sisi ni watani, na Ritha ni mtu wa kweli, ana baba. Mkali wa Sinza akanijibu kwa neno moja, na neno lenyewe mshalijua. Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Nilirudi barazani. Sikumwambia shangazi. Nilidhani nikikaa kimya yatapita, watu watahamia kwa mwingine.

Lakini kuna kijana alileta saa kutengenezwa, na pamoja na saa akaleta karatasi. Alizichapisha kurasa zote nane kwa hela yake akampa Mzee Kikoti, eti mzee asipitwe, binti yake amekuwa maarufu. Sijui mtu wa namna hiyo analelewaje. Mzee Kikoti alizisoma zote. Juu kabisa, kabla ya majina ya wale wengine, lilikuwepo jina letu: Mngoni wa Kariakoo.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, shule tumefunga, nilikuwa nimembebea shangazi kifurushi cha nyuzi. Tulifika. Shangazi akasema la kila siku, bado hujafa we mla mbwa. Mzee Kikoti akavua lenzi. Akasimama. Akasema, "Habari za asubuhi, mama. Umeamkaje?"

Shangazi akacheka, akasubiri. Alidhani linakuja lingine nyuma yake. Halikuja. Mzee Kikoti alikaa akaendelea na saa.

Nilimwona shangazi anashika meza. Alipigiwa makelele na askari wa jiji, alitukanwa na madereva, alisukumwa na wabeba mizigo miaka yote hiyo, sikuwahi kumwona akishika meza namna ile. Akaniuliza kwa sauti ya chini kuna nini. Nikamweleza. Akanipeleka ndani kwa Zarna akasema nimsomee. Nikamwambia ni mengi. Akasema soma.

Nilisoma hadi ukurasa wa tatu. Zarna alikuwa ameziba masikio. Shangazi akaniambia basi, na akauliza kitu kimoja tu: hawa wote ni watani zake? Nikamwambia hapana shangazi, hawamjui. Akasema, "Sasa wamepewa na nani ruhusa?" Nilifunga ule ukurasa, kwa sababu jibu lilikuwa kwamba wameona sisi tumeanza.

Siku tatu Mzee Kikoti alimsalimu shangazi vizuri. Alimpisha njia. Alimwambia pole kwa jua. Kila neno zuri lilikuwa linampiga shangazi kama kofi, na alikuwa hawezi kuomba radhi. Hapo ndipo nilipoelewa alivyokwama. Mtani haombi radhi. Ukimwomba mtani radhi umekubali kwamba lile lilikuwa tusi la kweli, na kama lilikuwa la kweli, basi miaka kumi na saba yote ilikuwa matusi. Na usipomwomba, mtu wako anaondoka hivi hivi, kwa adabu.

Jumapili Ritha akatolewa. Kura zilimkataa vibaya. Jumatatu jioni shangazi akafunga meza mapema, akanunua kilo mbili za sukari na mkate, akaniambia twende kwa Kikoti, na wewe uliyeandika utasema uliyoandika. Nao wanakaa Magomeni, mitaa mitatu tu kutoka kwetu. Mlangoni pao shangazi huwa anaingia akipiga kelele kwamba amekuja kukamata mwizi wa mbuzi. Safari hii alibisha hodi.

Walitukaribisha sebuleni. Mke wa Mzee Kikoti akaleta chai. Mzee Kikoti akaulizia shule yangu, akaulizia afya ya shangazi. Tulikaa kama watu waliokutana kwenye ofisi ya serikali. Shangazi alikuwa anamwangalia, anamsubiri, hata tusi dogo tu, hata neno panya, ajue bado yupo. Nilitamani kulia.

Ritha akatoka chumbani. Alikuwa amefunga kichwa, uso umevimba. Nilisema niliyopaswa kusema: mimi ndiye niliyeandika, nilijua hamsomewi, na sikusema. Ritha alinipita. Alimwendea shangazi akaketi karibu yake mkekani.

Shangazi akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakutania."

"Najua, shangazi," Ritha akasema. "Nilipofika nyumbani nilizikuta zile karatasi. Niliposoma la kwanza nilijua ni wewe. Nilicheka kabisa. Nikasema angalau shangazi yupo." Akakaza kitambaa kichwani. "Halafu nikaendelea kusoma."

Hakuna aliyegusa chai.

"Sina hasira na wewe," akasema. "Ila usiniite tena hivyo. Wewe ukisema sasa, nawasikia na wale wote."

Shangazi alimshika mkono. Nadhani alikuwa anatafuta tusi lingine, jipya, ambalo wale hawajalishika, ampe. Ana mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hakupata. Mia mbili na kumi na nne walikuwa wamepita kila mahali.

"Sawa mwanangu," akasema.

Mzee Kikoti alitusindikiza hadi barabarani. Nilidhani labda gizani, mbali na binti yake, atasema kitu. Alisimama, akakuna kichwa, akasema, "Winifrida, mimi najua ulikuwa na nia gani. Lakini nikianza tena kukuita majina, nitasikia wanavyomwita mtoto wangu. Nivumilie." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina lake. Shangazi akamwambia amemwelewa, na asante kwa chai.

Tulipofika kwetu shangazi alisimama mlangoni akatukana. Hakumtukana mtu. Alitukana tu, kuelekea barabarani, kwa Kingoni, muda mrefu, mpaka jirani akafungua dirisha.

Nimemwandikia mwenye kile kijiwe mara nne afute ule ukurasa. Alijibu mara moja, kwamba asiyetaka kusemwa asiende kwenye televisheni, na kwamba huo ni uhuru wa maoni. Nimejaribu kutafuta hayo maoni. Sikuona hata moja. Hakuna aliyeandika jinsi wali unavyopikwa ili usiungue.

Ukurasa upo mpaka leo. Ritha anafanya kazi kwenye duka la dawa, havai kitambulisho chenye jina. Na asubuhi shangazi akifika Narung'ombe anashusha mzigo, anasema, "Habari za asubuhi, baba." Mzee Kikoti anasema nzuri, mama, za kwako. Kisha huyu anapanga zipu na yule anafungua saa.

Mimi nikiwatazama namchukia Mkali wa Sinza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na sijawahi kumwona.