Kikombe cha Tatu

Bomba za kuzimia moto katika ghala la baridi nililofanyia kazi, mjini Mbarara, hazikuwa na maji ndani. Zilijazwa hewa. Maji yangeganda mle kwenye siagi na nyama, yakapasua chuma, kwa hiyo yalingoja nje, nyuma ya valvu iliyofungwa kwa nguvu ya hewa ileile. Joto la moto likifungua tundu moja la bomba darini, hewa ingetoka na maji yangefuata.

Aliyenifundisha ni fundi mkuu, mzee wa Kinyankole aliyewahi kuwa askari. Mimi nilikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini. Nilipanga chumba mtaa wa Nyamityobora, mke wangu na mama yangu wakabaki kambini Nakivale.

"Hewa pia iko na maji," mzee aliniambia siku ya kwanza. "Inakusanya kidogo kidogo. Hapa korido inakula chuma. Kule ndani inakuwa barafu. Kila Jumamosi unatoa."

Maji hayo yalijikusanya katika vikombe vitatu vya chuma vilivyoning'inia chini ya bomba za korido. Nilivifungua kimoja kimoja, yakatoka maji mekundu ya kutu, kisha nikaandika kwenye daftari.

Jumamosi moja mke wangu alipiga simu kwamba mama amezidiwa. Gari la Nakivale lilikuwa linaondoka saa sita. Kikombe cha tatu kilikuwa juu, nyuma ya kreti, kinataka ngazi. Nilifungua viwili, nikaandika vitatu. Nilimkuta mama ameketi, anakunywa uji.

Jumamosi iliyofuata kreti bado zilikuwa pale. Nikaandika tena vitatu. Nikaendelea hivyo kwa miezi.

Moto ulianza asubuhi, kwenye waya wa mlango wa chumba cha barafu. Ndani alikuwamo mama mmoja wa kwetu, mkimbizi kama mimi, aliyefagia theluji sakafuni. Nilisikia hewa ikitoka kwenye bomba, mlio mrefu mwembamba, nikasimama kungoja maji. Mlio ulikwisha. Maji hayakuja. Moshi wa kuta zile zilizojazwa povu la plastiki ni mweusi na mzito, na mzee aliingia humo akiwa amejifunga koti lililoloa usoni. Alimtoa yule mama, mikono ya mama huyo imeungua hadi viwiko. Yeye mwenyewe alitembea hatua chache, akakaa chini.

Kesho yake, moto ukiwa umekwisha kuzimwa, tulikata bomba pale inapotoka kwenye kikombe cha tatu kuingia chumbani. Kwenye kona kulikuwa na barafu ya kahawia, imejaa vipande vya kutu, imeziba kabisa. Siku ya tatu nilimpelekea mzee habari hospitalini. Alikuwa anapumua kwa shida.

"Ile ya tatu," akasema. "Wewe ulikuwa unafungua?"

"Nilikuwa nafungua, mzee."

Akageukia ukuta. Alifariki juma hilohilo. Nilibeba jeneza lake pamoja na wanawe, na mjane wake alinishukuru.

Niliacha kazi, nikarudi Nakivale kulima. Nilipofungua valvu ya tairi la baiskeli na hewa ikalia, mwili wangu wote ulisimama kungoja maji. Na kila Jumapili, mlangoni pa kanisa, yule mama alinipa mkono wake uliokunjamana, akisema, "Ndugu, Mungu alituokoa sisi wote."

Nilistahimili hivyo miaka minne. Kisha siku moja nilimfuata shambani, nikamkuta anapura maharagwe, nikamwambia yote: kikombe, daftari, na nilivyomjibu mzee.

Hakuacha kupura. Kisha akauliza, "Na yeye alikufa bila kujua?"

"Nafikiri alijua."

"Mimi nilikuwa nawaambia batoto ni shetani alifunga yale maji." Aliitazama mikono yake. "Usimwambie bwana yangu. Atakuua, na mimi sitaki maneno mingi."

Nikamwomba msamaha. Akasema atauomba kwanza yeye kwa Mungu, kama atapewa atanigawia.

Jumapili iliyofuata alinisalimu kama kawaida, kwa sauti, mbele ya watu. Lakini mikono yake aliiweka ndani ya kitenge, na hakuitoa.