Spana Iliyohamia Mjini

Kijijini walimwita Fundi Maji. Mjini wanamwita Geti, kwa sababu ndiyo kazi yake: anakaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, anafungua geti la ghala la saruji, anaandika namba za malori, anafunga. Miaka mitatu sasa.

Aliondoka kwao baada ya mvua kukata misimu miwili mfululizo. Shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano, na kipande chake ungeweza kukimaliza kwa hatua arobaini kabla hujamaliza kupiga mwayo. "Naenda mara moja tu," aliwaambia watu. "Mvua zikirudi mtaniona." Na ili wamwamini, au ili ajiamini mwenyewe, aliondoka na spana ya pampu ya kijiji.

Haikuwa spana ya kawaida. Ilikuwa na umbo la herufi T na ilikuja pamoja na pampu, ambayo nati zake zimezama ndani kiasi kwamba spana ya baiskeli haizifikii. Kwa miaka kumi na moja hakuna mkono mwingine ulioishika. Kila alipofungua pampu aliwaamuru watu wasimame mbali, wasije wakaangusha mchanga kisimani. Ukweli ni kwamba hakupenda kutazamwa. Mjini amehama vyumba vinne, na kila mara spana ilitangulia, imeviringishwa kwenye kipande cha mpira wa tairi, ikalala chini ya kitanda.

Jumanne moja, saa sita mchana, dada yake mkubwa alimpigia simu.

"Pampu imekufa tangu Jumapili," alisema bila hata salamu. "Mpini unapanda na kushuka, maji hayaji. Tumefungua sanduku la kamati ya maji, mna daftari na mavi ya panya. Spana iko wapi?"

"Ninayo mimi, dada."

"Unayo huko? Unafungulia nini huko, mdogo wangu? Soda?"

"Msiguse kitu. Ni raba tu hiyo ya ndani imechakaa, naijua. Nakuja mwenyewe."

"Lini?"

Alisema angempigia baadaye. Kwenda na kurudi ni siku tatu. Alimfuata mkuu wa zamu, ambaye humsikiliza mtu huku anakata kucha.

"Pampu ya kijiji," mkuu alirudia. "Geti, watu kumi na wawili wameacha barua hapa wakitaka hicho kiti chako, na wote wametoka kwenye vijiji vyenye pampu. Nenda. Ila kiti hakitakusubiri."

Akamwambia dada atakuja Jumamosi. Ijumaa akamwambia Jumamosi ijayo. Chumbani, mkewe alikuwa anamsuka binti yao juu ya kitanda, maana pengine pa kukaa hapakuwepo.

"Baba watoto, itume kwa basi."

"Wataharibu."

"Kwani sasa hivi ni nzima?"

"Hujui kazi ile."

"Sijui, sawa. Lakini kule bondeni nimechota maji miaka sita kabla pampu haijaja. Ng'ombe wanaingia mpaka tumboni, na wewe unachota hapo hapo. Hilo nalijua." Alikaza msuko, mtoto akagutuka. "Sema tu unachoogopa ni wao kuweza."

Alitoka nje kwa hasira, akapiga teke ndoo, kisha ikambidi amwombe radhi jirani, kwa kuwa ndoo haikuwa yake.

Alhamisi iliyofuata dada alipiga tena. Shangazi yao, mtu wa miaka sabini, alikuwa ameteleza bondeni na ndoo kichwani, mkono umevunjika.

"Sikuombi uje tena," dada alisema. "Naomba hicho chuma."

Jioni hiyo alikaa na karatasi kuwaandikia namna ya kufanya. Zilifika hatua kumi na nne. Ya tisa ilimtesa. Kaza mpaka... mpaka wapi? Mkono wake ulijua, kalamu haikujua. Akaandika "kaza mpaka uhisi", akafuta. Akaandika "kaza vizuri", akafuta. Miaka kumi na moja, na hakumwita mtu hata mmoja asogee aone! Mwishowe aliandika: "Hatua ya 9, nipigieni simu." Asubuhi, kabla ya zamu, alimkabidhi kondakta wa basi kifurushi chenye spana, raba mpya mbili na ile karatasi.

Kondakta alikipima mkononi. "Mzee, unawatumia injini?"

Jumamosi simu ilikaa mapajani, imejaa chaji. Saa mbili. Saa tatu. Lori liliingia, akaliandika kwenye safu ya yaliyotoka. Saa nne na nusu akapiga yeye.

"Aa, mdogo wangu! Maji yanatoka tangu saa tatu. Leo mpaka mbuzi wameoga."

"Hatua ya tisa mlifanyaje?"

"Hatua ipi? Karatasi hatukuisoma, miwani yangu ilivunjika mwaka juzi. Tulifungua, tukapanga vyuma kwenye shuka kama vilivyotoka. Raba tukaikuta imechanika kama kisigino changu. Tukatia mpya, tukarudisha."

"Alifungua mwanaume gani?"

"Mwanaume! Mmebakiza wangapi hapa? Tulikuwa wanawake wanne. Kamati ya watu saba nimebaki mimi na katibu, na katibu haoni."

"Mmekaza sana au kidogo?"

"Tumekaza."

"Haya. Basi spana nirudishieni kwa basi la Jumatatu."

Kwenye simu alisikia mpini ukipigwa, na maji yakiangukia ndoo ya bati. Kisha dada akasema, kwa upole uliomuudhi kuliko matusi, "Ya nini huko? Itakaa hapa, mdogo wangu. Pampu iko hapa."

Lori lilipiga honi. "Geti! Umelala?" Akaenda kufungua.

Aliporudi chumbani jioni, aliinama kwa mazoea kutazama chini ya kitanda. Pale mahali pa spana palikuwa na madumu mawili ya njano, matupu. Mkewe hakuwa amepoteza muda.

"Bomba la mtaa limeanza kutoa," alisema. "Kapange foleni kabla watu hawajajaa."

Alipofika walikuwa wamejaa. Alihesabu waliomtangulia: thelathini na wanane. Bomba lilikuwa linavuja pembeni, nati imelegea, maji yanapotelea kwenye tope. Nusu dakika tu ingetosha kuikaza. Aliweka madumu chini, akasimama nyuma ya mtu wa thelathini na nane.