Sheli ya Bi Sikudhani: muvi ambayo dunia imeisahau, Maneromango bado wanaibishania

Wakuu, nawasalimu wote, pamoja na nyinyi mnaosoma mkiwa ofisini huku bosi anadhani mnaandaa ripoti.

Ninachosimulia kimetokea sebuleni kwangu hapa Kibaha, si mbali na Kwa Mathias. Asiyeamini aje nimwonyeshe televisheni yenyewe. Mama naye yupo, ila ukija uwe na njaa, hapendi mgeni anayeonja onja.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Elimu yangu kidato cha nne, matokeo tuyaache. Nafuga kuku wa mayai uani, kwa hiyo hata kazi hainitoi nje ya geti.

Mama ananiita mwali. Kwa wasiojua, kwetu Uzaramoni mwali ni binti aliyevunja ungo akawekwa ndani afundwe, halafu siku ya ngoma ndiyo anatolewa. "Huyu wangu," Mama huwaambia majirani, "ngoma yake bado haijapangwa."

Nina ndevu, wakuu.

Sasa huko ndani nafanya nini? Naangalia muvi. Siyo hizo zenu za gari kuruka kutoka ghorofa moja kwenda jingine. Najua humu kuna watu bila kitu kulipuka hawapati usingizi. Mimi napenda zile ndogo za zamani, zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, zikaonyeshwa siku moja, zikasahaulika. Hazina nyota yeyote. Watu wawili watatu, nyumba moja, birika jikoni. Mtengenezaji hana hela ya kulipua chochote, kwa hiyo analazimika kuwaacha watu waongee. Au wanyamaze, ambayo ni ngumu zaidi.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa Baba.

Baba, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na banda la video Maneromango. Deki moja, televisheni yenye mgongo mkubwa, na jenereta lililokohoa kuliko wazee wote wa kijiji. Kuna mgeni mmoja wa misheni alipokuwa anarudi kwao aliacha kasha la kanda, Baba akapewa. Ndani yake kulikuwa na muvi moja mtu aliirekodi moja kwa moja kutoka kwenye TV ya huko kwao. Haikuwa na jina.

Maneromango waliipa jina: Sheli ya Bi Sikudhani.

Ni hivi. Kuna mwanamke wa kizungu, makamo, ana sheli ya mafuta kwenye barabara ambayo haipiti mtu. Anakuja mwanaume na gari, kabeba bomba la karatasi lililoviringishwa. Wanakaa. Wanakunywa chai. Wanatazamana sana.

Baba ndiye alikuwa mtafsiri. Anakaa kwenye kigoda pembeni ya TV, anasema maneno ya kila mtu, sauti ya kike na ya kiume. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, tena la saba la kujitegemea. Asipoelewa hakubaki kimya.

Yule mwanamke Baba akampa jina la shangazi yake, Bi Sikudhani. Mwanaume akaitwa Shomari, kaka wa Bi Sikudhani aliyepotea utotoni, leo kamtafuta mpaka kampata. Bomba la karatasi likawa mkeka, zawadi. Baadaye Shomari anaufungua mkeka na kuutandaza juu ya meza. Mzee mmoja akauliza, "Mkeka mezani?" Baba bila kupepesa akajibu, "Ndiyo desturi ya kwao."

Lakini utundu mkubwa ulikuwa kwenye giza.

Muvi za TV zinakatwa ili matangazo ya biashara yaingie. Kioo kinakuwa cheusi kidogo, kisha hadithi inaendelea. Aliyerekodi alisimamisha deki kila matangazo yalipoingia, lile giza likabaki. Baba hakulijua hilo. Kila kioo kilipokuwa cheusi alitangaza, "Usiku umeingia." Kikirudi, "Kumekucha."

Kwa hiyo Maneromango nzima inajua Shomari alikaa pale siku nyingi. Kina mama walimsifu Bi Sikudhani kwa kulea mgeni muda wote huo bila kununa. Wengine walimshangaa kwa kutobadilisha gauni.

Halafu kanda iliisha kabla ya muvi. Shomari amesimama karibu na gari, funguo mkononi, Bi Sikudhani mlangoni. Chwaa. Mistari.

Alibaki au aliondoka?

Baba alikataa kusema. "Mmeona funguo, mmeona mlango. Malizieni wenyewe." Hapo kijiji kikagawanyika. Kiongozi wa wanaosema aliondoka ni shangazi Tatu, dada yake Baba, yuko Chole, huko huko upande wa Maneromango, mpaka leo. Kiongozi wa wanaosema alibaki ni Mama. Mawifi hawa wakipigiana simu kuulizana hali, dakika ya pili wameshafika kwa Shomari.

Sasa tuje siku hizi.

Mama alikuja kwangu kwa ajili ya macho. Yana mtoto wa jicho, yote mawili, na amepangiwa upasuaji. Siku moja anachambua mchicha karibu na uso kama anausoma, akaniambia, "Mwali, wewe unayeshinda kwenye hayo mapicha, hebu nitafutie Bi Sikudhani. Wakiniharibu macho, niwe nimemwona."

Nikasema sawa. Muvi isiyo na jina, isiyo na nyota. Nikaenda kwenye jukwaa moja la wazee wa nje wanaokusanya vitu hivi, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: mama, sheli, mwanaume, karatasi. Zikapita siku. Kuna mtu akajibu kwa neno moja, jina la muvi, na link. Mpaka leo sijui ni nani. Mungu ampe mke mwema, kama anaye amwongezee subira.

Niliiangalia peke yangu kwanza, kwenye banda la kuku, simu nimeiegemeza kwenye trei ya mayai.

Wakuu, Shomari siyo kaka yake.

Ni mpimaji wa barabara. Ule mkeka ni ramani. Kaja kumwambia yule mama kwamba barabara mpya itapita mbali na sheli yake, na kwa ukarimu anaofanyiwa anashindwa kufungua mdomo. Yote yanatokea mchana mmoja. Mwisho anasema, anaingia kwenye gari, anaondoka. Basi.

Kwa mtazamo wangu ni muvi nzuri sana. Inauma bila kupiga kelele. Ila nilicheka, nikasema leo shangazi Tatu kashinda.

Nikaingia ndani kumchokoza Mama. Nikamuuliza, hivi kwa nini ana uhakika Shomari alibaki?

Akaniambia, "Baba yako alinimalizia."

"Si alikataa kusema?"

"Alikataa bandani. Mimi alinimalizia nyumbani."

Mama ni wa huku, upande wa Mlandizi. Alipoolewa Maneromango barabara ilimshinda. Mvua ikinyesha hakuna kuingia wala kutoka, ndugu hawaji, kila kitu mbali. Mwaka mmoja alifunga begi. Baba alimkuta begi liko mlangoni. Hakumwomba, hakugomba. Alikaa kizingitini akamwambia, unajua yule Shomari hakuondoka? Alifuata vyombo vyake tu, akarudi. Pale gari lilikuwa halipiti kweli, lakini walikuwa wawili, na jioni walikuwa na mtu wa kumpikia chai.

"Nikafungua begi," Mama akasema, akaendelea na mchicha.

Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Fanyeni hesabu wenyewe mjue kwa nini nilichokuja kumchokoza nacho sikukisema.

Nikaanza kukwepa. Mara flashi haisomi, mara umeme mdogo. Mama akaniangalia na hayo macho yake yenye ukungu. "Mwali, umeipata. Unaificha kwa nini?"

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaiweka. Akavuta kiti mpaka pua inakaribia kioo.

Bi Sikudhani alipotokea Mama akagusa kioo kidogo pale kwenye gauni. Gari likaja. Shomari akashuka, akaongea. Nikajisahau, nikaanza kutafsiri, "Anasema ametumwa na idara ya…"

"Idara gani tena? Anasema, dada, umenisahau?"

Alisema kwa sauti ya Baba. Ile ile ya puani.

Nikachukua rimoti nikapunguza sauti mpaka mwisho. Mama akatafsiri yote. Mkeka, desturi ya kwao, shamba la urithi alilolitunga Baba, kikohozi cha Bi Sikudhani ambacho Baba alikiongeza mwenyewe kuziba kikohozi cha jenereta. Kioo kikiwa cheusi, "Usiku umeingia." Kikirudi, "Kumekucha." Nilikuwa nimesahau hadithi ile ina vichekesho vingapi. Kwenye muvi halisi hakuna hata kimoja.

Tukafika kwenye funguo.

Shomari karibu na gari. Bi Sikudhani mlangoni. Hapa ndipo kanda iliishia, na picha ikaendelea kwenda. Mama akanigeukia. Hakuwa na maneno ya hapa.

"Sasa tafsiri wewe," akasema.

Nikapandisha sauti. Shomari akasema kitu.

"Anasema pole," nikamwambia. Kweli alisema pole.

"Na yeye?"

"Anamwambia aendeshe taratibu, barabara mbovu."

Mama akacheka. "Kama ya kwetu."

Shomari akaingia kwenye gari. Likawashwa. Mama kashika ukingo wa meza ya TV kwa mikono miwili. Mimi uongo wangu niliuandaa tangu Ijumaa: anafuata vyombo, Mama, anarudi. Uko kwenye ulimi. Gari likaenda, likawa dogo, likaisha. Bi Sikudhani akafuta pampu kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti. Nikafungua mdomo.

Kioo kikawa cheusi.

"Usiku umeingia," Mama akasema.

Akaachia ukingo wa meza.

"Kesho atakuja na vyombo."

Majina yakaanza kupanda. Akauliza hayo maandishi ni ya nini, nikamwambia ni ya waliotengeneza. "Kumbe walikuwa wengi," akasema, "na bado baba yako kawasaidia." Akainuka kwenda kubandika chai. Uongo wangu ukabaki mdomoni, haukuwa na kazi tena.

Sijui kama alielewa lile gari limekwenda wapi. Sijamuuliza, na nyie msinitume.

Nilichojifunza ni hiki. Nimeshinda miaka humu ndani nikijisifu kwamba naangalia muvi zisizojulikana, nazisoma mpaka majina ya mwisho, najua giza lile ni nafasi ya matangazo. Baba hakujua, akaona usiku. Mimi kwenye giza la mwisho niliona mwisho. Mama aliona kesho. Kwa muvi moja ndogo ambayo walioitengeneza pengine wenyewe wameisahau, naona wazee wangu waliitumia vizuri kuliko mimi.

Upasuaji wa jicho la kwanza umeshafanyika, anaendelea vizuri. Bandeji ilipotoka, mtu wa kwanza kumwona sawasawa ni mimi. Akasema, "Mwali, kumbe umezeeka hivi?"

Shida imebaki moja. Mama alimpigia simu shangazi Tatu Jumapili ile ile, chai haijachemka. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu. "Wifi, nimeiona yote. Alibaki. Ndiyo, kwa macho yangu. Macho gani? Haya haya mabovu, yako mazima yaliona nini?"

Sasa shangazi anakuja Kibaha kuiangalia mwenyewe. Anatoka Chole na kuku wake mkononi, kama vile kwangu kuku hawapo. Macho yake mazima kabisa, na mjukuu wake anayemsindikiza anasoma sekondari, Kiingereza kinapanda.

Wazoefu wa mawifi, nishaurini: nitafsiri mimi, nimwachie Mama, au nizime umeme?

Na wale mliokulia kwenye mabanda ya video, hebu semeni. Kuna muvi mliijua kwa mdomo wa mtafsiri wenu, mkaja kuiona yenyewe ukubwani mkakuta ni kitu kingine? Ipi ilikuwa nzuri zaidi? Nipo, siendi popote, si mnanijua.