Kasuku Watatu kwenye Mti wa Mjomba

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Kwetu Masisi, ukisimama na darubini shingoni ukakitazama kilima, hakuna atakayeamini kwamba unatafuta ndege. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage aliacha jembe akaniuliza, "Unatafuta nini kule, kaka? Madini ao bantu?" Nikamwambia si madini wala watu, ni ndege. Akacheka kidogo, kisha akawaita watoto wake wakae karibu naye. Nilikasirika siku nzima, ingawa mimi mwenyewe ningemshuku mtu kama mimi.

Darubini hiyo niliachiwa na padri aliyekuwa akihama parokia, pamoja na kitabu cha ndege kilicholiwa kona na panya. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikawa naandika ndege niliowaona kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la masomo. Nilipopata simu nzuri, nikahamia kwenye blogu. Sikutegemea msomaji hata mmoja. Baada ya miezi michache nikajikuta katika kundi la waandishi wa ndege mtandaoni, watu nisiowahi kuwaona, wanaoweza kubishana wiki nzima juu ya rangi ya mguu wa ndege. Niliwapenda sana. Niliwashuku pia, maana mtu asiyekujua anayekusifu kila asubuhi ana lake jambo.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni mwindaji upande wa Itebero, huko Walikale. Ni yeye aliyenipeleka, mwendo wa siku mbili kwa miguu, hadi mahali pa wazi msituni ambapo kasuku hushuka asubuhi kunywa maji ya chumvichumvi. Marehemu baba yake alikataza mtego wa aina yoyote pale, na wanawe wamelishika neno hilo hadi leo. Mjomba alinipeleka bila kuwauliza kaka zake. Aliniomba jambo moja tu: "Usitaje jina ya hapa. Hata kwa bibi yako."

Sikulitaja. Niliandika "mahali fulani Walikale", na katika simu nikazima kila kitu kinachoweza kuonyesha mahali. Nikachagua picha moja, kasuku watatu kwenye tawi la chini la mti mkubwa. Kundi lilifurahi. Ndipo mzungu mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akaanza maswali: ni mwendo gani kutoka barabarani? Ni upande gani wa mto? Wanashuka saa ngapi? Nikaingiwa na wasiwasi, nikaacha kumjibu.

Miezi miwili baadaye mwendesha pikipiki aliniletea salamu za mjomba: wategaji wameingia pale, wamepaka ulimbo kwenye matawi, wamebeba kasuku kwa vikapu. Kaka zake wanasema yeye ndiye aliyeuza mahali. Jumapili, baada ya ibada, familia itakaa kuamua kama anyang'anywe mstari wake wa mitego. Mstari huo ndio unaolisha nyumba yake, na kwa umri wake hataanza kazi nyingine.

Mwizi nilimjua tayari. Kabla ya kufunga safari nilipanda kilima chenye rezo, yaani mtandao wa simu, nikamtaja yule mzungu kuwa mwizi mbele ya kundi zima, kwa jina lake. Kabla sijashuka walikuwa wamemtoa.

Nilimkuta mjomba amekaa mlangoni, panga lake kavu kwa kutoingia msituni. Nikampa simu, yenye ukurasa niliouhifadhi kule kilimani, aone kwamba nilishika ahadi. "Tazama, Mujomba, hakuna jina." Mjomba hajui kusoma. Aliishika simu mbali na macho, akayapita maneno yote, akatua kwenye picha.

"Hii iko muti yetu," akasema.

Chini ya kasuku, kwenye shina, kulikuwa na mikato mitatu ya panga na mmoja wa kuikata katikati. Kila familia ya wawindaji huchonga alama yake pale mstari wake wa mitego unapoishia, ili wengine wasivuke. Mimi niliiona nikadhani ni gome lililochubuka. Mtu aliyekulia misitu hii angeisoma mara moja. Yule mzungu asingeweza hata kama angeitazama mwaka mzima.

"Kuko muntu ya huku mwenye anaonaka hii?" akaniuliza.

Nikashuka kwenye maoni. Katikati ya pongezi za Kifaransa palikuwa na neno la Kiswahili chetu: "Hapa miye najua." Mwandishi hakuwa na picha wala jina la kueleweka. Chini yake, mimi mtu wa kushuku nilikuwa nimejibu, "Karibu sana, ndugu." Nakumbuka nilivyofurahi siku ile kwamba hatimaye ninasomwa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikikaribisha kwa mikono miwili. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama mjomba.

Jumapili nilisimama mbele ya kaka zake. "Bapapa, yeye hakuuzisha kitu. Ni miye njo nilionyesha." Mkubwa aliitazama picha, akampa mwenzake. Mjomba akaachiwa mstari wake. Mimi sikuambiwa lolote, na chakula nilipewa.

Nimeifuta picha, ingawa wengi walishaichukua. Nimemwomba mzungu msamaha mbele ya kundi. Wamemwita arudi, hajarudi, na simlaumu.

Kesho yake baada ya kikao, mjomba alinisindikiza hadi barabara ya pikipiki. Msituni mwenyeji hutangulia na mgeni hufuata nyayo zake, na tangu utoto wangu nimetembea nikiutazama mgongo wake. Tulipofika penye njia ya msituni alisogea pembeni, akaniachia nafasi.

"Njia sijui vizuri, Mujomba."

"Nitakuambia fasi ya kugeuka. Tangulia, mutoto ya dada. Nataka nikuwe naona mikono yako."

Nikaitia simu mfukoni, nikatangulia.